Ugonjwa wa Joto

Kiyoyozi cha Korola yangu kina maringo.
Uyole, ukungu umelala barabarani kama ng'ombe,
mimi na sweta mbili: kinapuliza.
Kiwira, mvua inachapa migomba: kinapuliza.
Tukuyu naficha vidole ndani ya mikono ya sweta
nacho kinapuliza tu,
kama mtu anayepooza chai ya mwenzake.
Kisha barabara inateremka, mikakao inaanza,
hewa inakuwa nzito kama blanketi bichi,
na hapo, karibu na Ibanda,
tik,
kinanyamaza.

Nami nyuma nimepakia keki ya ghorofa tatu.

Msiopika keki hamjui: siagi ina saa yake.
Dakika ishirini bila ubaridi, waridi linainamisha kichwa.
Dakika arobaini, jina la bwana harusi
linateleza kumfuata bibi harusi
mpaka kwenye kadibodi.

Fundi Sanke wa Mwanjelwa alijaza gesi. Elfu sitini.
Akanishikisha kiganja kwenye tundu: "Unasikia, dada?"
Nilisikia. Nani asisikie baridi
Mbeya, mwezi wa saba?
Wa pili akabadili fyuzi, akabadili rilei,
akalaumu waya, akalaumu Wajapani, akalaumu panya.
Wote wawili walilitibu gari likiwa zima.

Asajile wa Soweto, ovaroli inamzidi,
hakugusa boneti. Aliuliza kama nesi:
kinakata asubuhi au mchana?
Ukizima gari ukapumzika, kinarudi?
Mkanda unalia? Taa ya kitufe inazimika?
Haizimiki, nikasema. Taa ipo, ubaridi haupo.
Akafuta mikono taratibu.
"Basi Jumamosi tunashuka wote.
Ugonjwa wa joto hauulizwi kwenye baridi."

Tukashuka. Harusi ilikuwa Ipinda.
Ghorofa ya juu aliipakata yeye,
hasemi, anasikiliza injini
kama anayemngoja mtu ajisaliti.
Ibanda. Tik.
"Simama. Usizime."

Nikaona kwa macho yangu:
puli inazunguka, na sahani iliyo mbele yake imetulia,
kama aliyealikwa ngomani akabaki kuangalia.
Aliomba kijiti. Nilikuwa na mwiko wa keki.
Akagonga kwa mbali, asije akaliwa vidole,
na sahani ikashika, ta!
na ndani ya gari ubaridi ukarudi
bila hata kuomba radhi.

"Klachi imelika," akasema. "Sumaku ikiwa baridi
inavuta. Ikipata moto inachoka,
na nafasi ya kuvuka imekuwa pana."
Pana kiasi gani?
Akachomoa vocha ya simu mfukoni, akaisimamisha:
"Zikiwa mbili, hivi. Inatakiwa moja."

Unene wa vocha moja!
Elfu sitini yangu, na rilei, na panya wa watu.

Ipinda, wenzake wakicheza, alingoja injini ipoe
akalala chini ya gari juu ya gunia la mpunga.
Bolti moja. Akavuta sahani,
akatoa washa nyembamba kama ukucha wa mtoto,
ya pili akaiacha, akafunga.
"Kuna wanaonunua kompresa nzima kwa hii," akasema,
akaidondosha kwenye kiganja changu.
Haikuwa na uzito wowote.

Keki? Ghorofa ya chini ilipata kibyongo.
Shangazi wa bibi harusi akaigeuzia ukutani,
akanikazia macho: "Picha zitapigwa upande huu."

Tulipanda usiku. Asajile amelala mdomo wazi,
pilau yake kwenye mfuko inanukisha gari zima.
Ibanda tukaipita, kinapuliza.
Nikashika pumzi mpaka Tukuyu, kinapuliza.
Isongole ukungu ukatujia mzima mzima,
kioo kikabaki kikavu, safi,
meno yangu yanagongana,
na kitufe kiko pale, sentimita chache tu na kidole.

Sikukizima.
Nilisimamisha gari, nikavaa sweta ya pili.